Baron von der Decken na Safari ya Mto Juba: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi habari za posta ya Wajerumani iliyofunguliwa Lamu mwezi Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, ambayo jengo lake katika Usita wa Mui leo ni makumbusho. Humo tulimtaja, kwa sentensi moja tu, Baron Karl Klaus von der Decken, msafiri wa Kijerumani aliyeuawa kwenye Mto Juba, katika Somalia ya leo, miaka mingi kabla ya posta hiyo kuwapo. Barua zilizotufikia tangu hapo zimeiacha posta na kumshika baron. Tunazijibu hizi pamoja kwa kuwa hadithi ni moja.

Assalam aleikum, ndugu mhariri. Mmemtaja mtu huyu kuwa ni "baron kijana", kisha mkapita. Hapa kwetu nimewahi kusikia kwamba alikuwa mtoto wa mfalme wa Kijerumani aliyekuja kutafuta nchi ya kutawala. Je, ni kweli? Na alikuwa kijana wa umri gani? — Msomaji wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Hakuwa mtoto wa mfalme, lakini kijana alikuwa kweli: alizaliwa tarehe 8 Agosti 1833 huko Kotzen, katika Brandenburg, na alipouawa mwanzoni mwa Oktoba 1865 alikuwa na miaka 32. Ukoo wake ni wa mabwana wenye ardhi wa kaskazini mwa Ujerumani. Hadithi ya ufalme labda imetoka upande wa mama yake, ambaye katika ndoa yake ya pili aliolewa na mtawala wa Pless, mji ambao siku hizi umo Poland na huitwa Pszczyna, na kwa ndoa hiyo akapata cheo kikubwa kuliko cha mwanawe. Mali ya familia ndiyo iliyogharimia karibu yote aliyoyafanya Afrika, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kuyaelewa maisha yake mafupi. Hakutumwa na serikali, hakuajiriwa na chama chochote, wala hakuwa na mkubwa wa kumwambia, "Basi, rudi."

Alianza kama ofisa wa askari wapanda farasi katika jeshi la Hannover. Mwaka 1860 aliacha jeshi na, kwa kutiwa moyo na Heinrich Barth, Mjerumani aliyekuwa amesafiri hadi Timbuktu na kurudi, akaja Unguja. Azma yake ilikuwa kuungana na Albrecht Roscher, kijana mwenzake aliyekuwa ametokea Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Alipofika akakuta Roscher ameshauawa, Machi mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 23. Mtu mwingine angeipokea habari hiyo kama onyo. Yeye akashika njia kwenda Kilwa, akajaribu kufika ziwani kwa njia ileile ya marehemu, ikamshinda, akarudi pwani na kutafuta mahali pengine pa kwenda.

Mahali penyewe palikuwa Kilimanjaro. Mwaka 1861 alitoka Mombasa pamoja na Richard Thornton, mjiolojia Mwingereza aliyekuwa amewahi kufanya kazi na Livingstone kwenye Mto Zambezi, na hali ya hewa ikawarudisha wakiwa wamepanda mita 2,500 hivi. Mwaka 1862 alikwenda tena, safari hii na Otto Kersten, wakafika karibu mita 4,200, na usiku mmoja theluji ikawaangukia wakiwa mlimani. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini wakati ule lilikuwa na uzito wake. Johannes Rebmann, mmishenari wa Rabai, aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake mwezi Mei 1848 na kuitangaza, na huko London mtaalamu wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, akamkatalia kabisa kwa hoja kwamba karibu na ikweta hapawezi kuwa na theluji. Wachaga waliokuwa wakiitazama kila asubuhi hawakuulizwa. Ushahidi wa baron na vipimo vyake ndivyo vilivyowaridhisha wataalamu wa Ulaya, isipokuwa Cooley mwenyewe, ambaye hata hapo hakukubali. Mwaka 1864 Royal Geographical Society ya London ikamtunukia baron medali ya dhahabu kwa safari hizo mbili.

Baada ya Kilimanjaro alizunguka Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha akarudi Ulaya kuandaa safari kubwa kuliko zote, ile ya kupanda Mto Juba kwa meli ya moshi.

Ndugu mhariri, mimi ni nahodha niliyestaafu. Nimebeba boriti na chumvi katika pwani hii tangu ujana wangu, na mlango wa Juba naujua, si mahali pa kuchezea. Meli ya baron iliingiaje? Na kwa nini auawe yeye, hali wageni wengine wengi walipita nchi za watu wakarudi salama? — Mzee wa Shela

Shikamoo, mzee wetu. Hukukosea kuuliza habari za mlango kwanza, maana hasara ilianzia hapo hapo.

Baron alikuwa na vyombo viwili. Kikubwa kiliitwa Welf, jina la nasaba ya wafalme wa Hannover. Ilikuwa meli ya chuma yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni, iliyoundwa Hamburg, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Unguja. Kidogo kiliitwa Passepartout. Alikuwa na Wazungu kadhaa, miongoni mwao Karl von Schickh, ofisa wa jeshi la majini la Austria, daktari Hermann Link, mchoraji Eduard Trenn na Richard Brenner, ambaye tutakutana naye tena mbele. Pamoja nao walikuwapo mabaharia na watumishi wa pwani yetu. Walitoka Unguja katikati ya mwaka 1865, wakapita maji ya Lamu na Kismayu kuelekea kaskazini.

Huo, kama unavyojua, ni wakati wa kusi. Wimbi linakuja kutoka bahari kuu bila kizuizi na kukutana na maji ya mto juu ya fungu la mchanga, na chombo kinachokosa mkondo kwa pima chache hupigwa ubavu papo hapo. Passepartout ilipotea mlangoni. Welf ilipita, ingawa kwa taabu. Mkuu wa msafara mwenye kutoa hesabu kwa mtu mwingine angekuwa na sababu ya kusimama hapo na kufikiri upya, kwa kuwa chombo kilichopotea ndicho ambacho kingewaokoa kama kile kikubwa kingeharibika. Baron aliendelea.

Kuanzia hapo alikuwa ametoka katika nchi ambayo jina la Seyyid Majid wa Unguja lilikuwa na nguvu ndani yake. Barua ya Seyyid ilimfungulia msafiri milango Mombasa, Lamu au Barawa. Siku kadhaa ndani ya Juba ilikuwa karatasi tu. Wenye nchi walikuwa koo za Wasomali, na katika misitu ya chini ya mto waliishi watu waliokimbia utumwa, ambao nao hawakuwa na sababu ya kufurahia meli ya mgeni. Baron alipofika Bardera, mwezi Septemba, alikuta mji wenye kumbukumbu chungu. Ulikuwa umeanzishwa mwaka 1819 kama makao ya jamaa ya kidini, ukapanda nguvu hata kuitisha Barawa, kisha mwaka 1843 Sultani Yusuf wa Geledi, dola ya Wasomali, akauvunja kwa vita. Miaka 22 si mingi. Wazee waliompokea baron walikuwa wamewahi kuuona mji wao ukichomwa.

Bardera pia ilikuwa kituo cha pembe za ndovu na ngozi zilizokuwa zikitoka bara kwenda Barawa na Mogadishu, na riziki ya mji ilitokana na kuwa katikati. Sasa fikiria, mzee wetu, inaonekanaje meli ya chuma inayopumua moshi, isiyosubiri upepo wala kuhitaji ngamia, ikiwa na bunduki ndani, inapofika mbele ya watu hao na mwenyewe akasema kwamba anataka tu kupita aende juu zaidi. Wenyeji walimwuzia chakula kidogo na kwa kusitasita. Wasimulizi wa Ulaya wa wakati ule waliita hali hiyo hila na unafiki. Mimi naiona kuwa ni tahadhari ya kawaida ya watu wenye cha kupoteza.

Baron aliipita Bardera, na safari haikufika mbali. Mwishoni mwa Septemba, penye mikondo ya kasi juu ya mji, Welf iligonga mwamba na kutoboka. Watu wakashuka, wakatua mizigo, wakapiga kambi ufukoni. Hapo baron akafanya jambo ambalo ndilo lililomwua: aliwagawa watu wake. Yeye na daktari Link, pamoja na watu wachache, walirudi Bardera kwa mashua kutafuta chakula na msaada, na wengine wakabaki kuilinda meli isiyoweza kwenda popote. Tarehe 1 Oktoba kambi ilishambuliwa, na Trenn pamoja na fundi wa mitambo aliyeitwa Kanter wakauawa. Von Schickh aliwakusanya waliosalia, wakateremka mto kwa mashua usiku na mchana mpaka baharini, na hatimaye wakafika Unguja. Baron na daktari Link waliuawa Bardera siku hizohizo. Kwa kuwa hakuna Mzungu aliyesalia wa kusimulia, yanayojulikana kuhusu mwisho wao yalitoka kwa watumishi wa pwani waliokuwa pamoja nao, na kwa masimulizi hayo miili ilitupwa mtoni. Kaburi hakuna.

Umeuliza kwa nini yeye, na si wengine. Wasafiri wengi waliorudi salama walitembea na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, watu waliokuwa na marafiki, wadeni na wakwe katika kila kituo, na ambao wakiambiwa wangoje mwezi mzima walingoja. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika kwa njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa namna hiyo. Meli ya moshi ilimnyima baron faida hiyo. Alifika haraka mahali ambapo hakuwa na mtu hata mmoja wa kumdhamini, na meli ilipokufa hakubaki na kitu mkononi. Mali ya familia ilimwezesha kununua chombo, ala za vipimo na wasaidizi, lakini udhamini wa Bardera haukuwa ukiuzwa Hamburg.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Majina ya Wazungu waliokufa katika safari hiyo yameandikwa yote, na vyeo vyao na kazi zao. Watu wa pwani waliokufa pamoja nao, ambao huenda baadhi yao wana wajukuu wanaosoma gazeti hili, katika masimulizi yaliyo maarufu wanatajwa kwa jumla tu. Kasoro hii ni ya vitabu vingi vya safari za karne ile.

Mhariri, salamu nyingi. Sisi wa Witu tunajua habari za ndugu wawili Denhardt na mkataba wa Sultani Ahmed. Toleo lililopita lilidokeza kwamba kifo cha baron huyo ndicho kilichowaleta Wajerumani kwetu. Naomba ufafanuzi, maana sioni Juba inahusianaje na Witu. — Msomaji wenu wa kike, Witu

Dada yetu, uhusiano upo, ila ni mwembamba kuliko tulivyoudokeza.

Habari za mauaji zilipofika Ulaya, familia ya baron ilitaka kujua kwa hakika kama amekufa, au kama ametekwa na yu hai mahali fulani. Richard Brenner, mmoja wa walionusurika, akarudi pwani mwaka 1866 kwa kazi hiyo. Katika kuzunguka kwake kati ya Lamu na Juba alifika Witu, na hapo, mwaka 1867, akakutana na Sultani Ahmed bin Fumo Luti, yule aliyeitwa Simba. Unajua vizuri kuliko mimi hali ya Simba wakati huo: Mnabahani, yaani wa ukoo wa watawala wa Pate, aliyetolewa huko kwa nguvu za Unguja, akajenga makao ndani ya msitu na kuwapokea watu wengi waliokimbia mabwana zao, naye akihitaji rafiki mwenye nguvu wa kumzuilia Seyyid. Akamwomba Brenner amfikishie mfalme wa Prussia ombi la ulinzi. Ombi likafika, na Berlin haikulifanyia lolote. Mwingine aliyetumwa kutafuta habari za baron, Theodor Kinzelbach, alifia Mogadishu mwanzoni mwa 1868, na utafutaji ukaishia hapo.

Ombi lenyewe halikusahauliwa na watu wote. Clemens Denhardt alifika sehemu za Mto Tana mwishoni mwa miaka ya 1870, na mwezi Aprili 1885 Simba akatia sahihi mkataba naye. Tarehe 27 Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Miaka mitano baadaye, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Berlin iliikabidhi Witu kwa Waingereza katika mapatano yaliyoipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na mwezi Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Waingereza yakauteketeza mji wenu. Hayo umeyasikia nyumbani.

Kwa hiyo kifo cha baron kilimleta Brenner, na Brenner alikuwa Mjerumani wa kwanza kulichukua ombi la Simba. Lakini Simba hakuwa mtu wa kungoja bahati imletee mgeni. Alijua anachokitaka na kwa nini anakitaka, na asingekuja Brenner angemwambia hivyohivyo mwingine yeyote mwenye bendera. Kuyahesabu mambo ya Witu kuwa matokeo ya ajali ya meli kwenye Juba ni kumdhulumu Sultani Ahmed akili yake.

Je, baron alikuwa jasusi wa serikali ya Ujerumani? — Msomaji wa Mokowe

Hakuwa, na hata hapakuwa na serikali moja ya Ujerumani wa kuitumikia: dola ya Wajerumani iliundwa mwaka 1871, naye alikuwa amekwisha kufa miaka sita kabla. Jeshi alilolitumikia lilikuwa la Hannover, ufalme ambao Prussia iliumeza mwaka 1866. Hata hivyo asichukuliwe kuwa msafiri asiye na tamaa. Katika safari zake alizungumza na kuandika kwamba pwani hii ingefaa kuwa koloni la Wajerumani, na mwenziwe Kersten, ambaye alitoa habari za safari hizo katika majuzuu makubwa kuanzia 1869, aliyaweka mawazo hayo mbele ya wasomaji wa Ujerumani kwa makusudi. Watetezi wa ukoloni wa miaka ya 1880 walimtaja sana baron kama mtangulizi wao. Marehemu hawezi kukanusha, ingawa katika hili sidhani kwamba angekanusha.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Malindi. Mwalimu wetu wa biolojia alituambia kwamba kuna aina ya hondohondo inayoitwa kwa jina la baron huyu. Je, ni hondohondo yupi, na anapatikana kwetu?

Mwalimu wako amesema kweli, mwanangu. Jina lake la kisayansi ni *Tockus deckeni*, na lilitolewa na mtaalamu wa ndege wa Berlin, Jean Cabanis, miaka michache baada ya kifo cha baron. Jina hilo limebaki pia kwa mmea wa Kilimanjaro, lobelia kubwa, *Lobelia deckenii*, na kwa aina moja ya lemuri wa Madagaska.

Hondohondo huyu ni ndege wa nyika kavu, si wa msitu mnene wa pwani, kwa hiyo usimtafute Arabuko-Sokoke. Mngoje mtakapokwenda Tsavo. Ni mweusi juu na mweupe chini. Dume ana mdomo mwekundu unaogeuka kuwa na rangi ya pembe kuelekea mbele, na jike ana mdomo mweusi mtupu, hata watu huwadhania kuwa ni ndege wa aina mbili. Usimchanganye na yule hondohondo mwingine mwenye mdomo mwekundu ambaye mbawa zake zina madoa meupe mengi. Wakati wa kutaga, jike huingia katika shimo la mti na mlango ukazibwa kwa udongo, pakabaki ufa mwembamba tu, ambao dume humpitishia chakula mpaka atoke. Na katika nyika ya Taru watafiti wamewaona hondohondo hawa wakiwasubiri asubuhi nguchiro wadogo watoke mashimoni mwao, ili waandamane nao: nguchiro huwafurusha panzi kutoka kwenye majani, nao hondohondo huwala hao panzi, na mwewe akitokea, hondohondo hupiga kelele na nguchiro wakajificha. Nguchiro wakichelewa kutoka, hondohondo huenda kwenye kichuguu na kuwaita.